Kuenenda kwa Roho: namna ya kuishughulikia tamaa kabla haijachomoza

Mkulima wa Siaya, Busia au Vihiga analijua gugu la kayongo. Ukiona maua yake ya zambarau shambani, ujue limekuwa chini ya udongo wiki kadhaa likinyonya mizizi, na mahindi yamekwisha kudumaa kana kwamba mvua ilikosa. Kuling'oa wakati huo hakurudishi mavuno yaliyopotea. Ukiliacha likomae, shina moja humwaga maelfu kwa maelfu ya mbegu, na mbegu hizo zaweza kulala ardhini hata miaka 20.

Tamaa ya mwili hufuata njia hiyohiyo. Yakobo 1:14–15 anazitaja hatua zake kwa mpangilio: mtu huvutwa, hudanganywa, tamaa huchukua mimba, kisha dhambi huzaliwa. Wakristo wengi huanza kupigana siku ya kuzaliwa. Wanaungama Jumapili, wanalia, wanaahidi, na kufikia Alhamisi wamerudi palepale. Tatizo haliko kwenye machozi yao. Walishika jembe wakati gugu lilikwisha kuchanua.

Kazi inayoelezwa hapa yafaa kupewa miezi mitatu, karibu msimu mmoja wa mahindi ya kukomaa mapema. Ni ya mtu aliyekwisha kumwamini Kristo. Asiyemwamini aanzie hapo kwanza, kwa sababu hakuna hatua hata moja kati ya hizi inayoweza kuchukua nafasi ya Roho mwenyewe. Warumi 8:13 inasema matendo ya mwili hufishwa “kwa Roho”. Sisi ndio wenye kuyafisha, lakini nguvu ni yake.

Kwanza elewa unapigana na nini

Paulo anaposema “mwili” katika Wagalatia 5, hasemi ngozi na mifupa. Mwili huo wa nyama na damu ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19). Anasema ule utu unaojipendelea, unaotaka kujiendesha wenyewe bila Mungu. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga siku tatu, kutovaa pete wala kuonja pombe, na bado akawa mtu wa mwilini tangu utosini hadi unyayoni.

Chukua Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Union uhesabu matendo ya mwili katika Wagalatia 5:19–21. Ni 15. Sasa hesabu yanayohusu namna tunavyokaa na wenzetu: uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi, husuda. Manane, zaidi ya nusu. Makanisa yetu ni mepesi kumsimamisha ushirika kijana aliyeonekana akinywa busaa au msichana aliyepata mimba, huku mzee mwenye fitina akiendelea kuketi mbele miaka nenda miaka rudi. Orodha ya Paulo haituruhusu kuchagua hivyo, nasi tunakosea sana tunapofanya hivyo.

Jambo jingine la kuelewa ni kipimo cha Roho. Katika eneo letu la magharibi mwa Kenya neno hili lina historia ndefu: uamsho wa Kaimosi wa 1927 miongoni mwa Wakwekeri ulizaa makanisa ya Roho, na katika miaka ya 1930 uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Rwanda ukaleta kwetu desturi ya wandugu, yaani waumini wa uamsho huo, ya “kutembea nuruni”: kuungama dhambi zako waziwazi mbele ya wenzako. Tumezoea kumpima Roho kwa kutetemeka, ndoto na ndimi. Paulo hakudharau karama. Yeye mwenyewe alinena kwa lugha kuliko Wakorintho wote. Lakini Wakorintho hao, wenye karama tele, aliwaita watu wa tabia ya mwilini kwa sababu kulikuwa na husuda na fitina kati yao (1 Wakorintho 3:3). Kipimo alichowapa Wagalatia ni tunda: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Matunda huonekana nyumbani, sokoni na kwenye steji ya boda, tena huchukua muda kuiva.

(Kwa msomaji wa Bungoma: mabishano ya tohara katika waraka kwa Wagalatia hayahusu tohara ya Agosti kule kwenu. Kulikuwa na walimu waliowaambia waumini wasio Wayahudi kwamba bila kutahiriwa na kushika sheria ya Musa imani yao kwa Kristo haitoshi. Paulo anapinga masharti hayo ya wokovu. Ukilikosa hilo, waraka mzima utakupotea.)

Wiki ya 1: daftari, bila kujirekebisha

Nunua daftari dogo, la shilingi chache tu. Usitumie simu, maana kwa wengi simu yenyewe ndiyo shamba la kayongo. Kwa siku saba, kila unapoanguka au unapokaribia kuanguka, andika mambo matano: saa, mahali, ulikuwa na nani, hali ya mwili wako (njaa, uchovu, usingizi), na sentensi uliyojiambia kabla ya kutenda. Hiyo sentensi ndiyo yenye thamani kuliko yote. Mfano:

Jumanne, saa tatu usiku, kitandani, peke yangu, nimechoka. “Leo nimefanya kazi sana, nastahili kujifurahisha kidogo.”

Jumatano, saa nne asubuhi, Kibuye, kibandani. Jirani ameuza kreti mbili za nyanya kabla sijafungua moja. “Huyu lazima ana dawa.”

Alhamisi, steji, saa kumi jioni, sijala tangu asubuhi. “Nikiweka mia moja tu kwenye mechi ya leo, narudisha zile za jana.”

Sentensi hizo ndizo “kudanganywa” anakokusema Yakobo. Kila tamaa huingia na uongo wake mdogo wenye sura ya haki: nastahili, nimeonewa, ni mara moja tu, hakuna anayeumia. Baada ya siku saba utaona kwamba huanguki ovyo. Kuna saa yako, kuna mahali pako, na kuna uongo wako. Wengi hushangaa kuona jinsi njaa na kukosa usingizi vinavyojitokeza kila ukurasa. Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu, malaika alimpa mkate na maji na kumwacha alale kabla ya mazungumzo yoyote (1 Wafalme 19). Kula chakula cha mchana kwa wakati ni sehemu halali ya vita hii.

Mwisho wa wiki chagua jambo moja tu, lile linalorudi mara nyingi zaidi. Anayeshika matano kwa pamoja huyaacha yote kabla ya wiki ya tatu.

Wiki ya 2: kata njia ya chakula

Warumi 13:14 inasema, “wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake.” Maana yake ni kwamba usiuandalie mwili. Mtu anayeomba ushindi juu ya kamari huku programu ya kubeti iko kwenye simu na salio liko M-Pesa ameuandalia meza. Fanya yafuatayo siku moja, tena mchana, wakati tamaa imelala. Usiku hutayaweza.

Kwa kamari: omba kampuni ifunge akaunti yako moja kwa moja, usifute programu tu. Jiondoe kwenye Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, kwa sababu deni la ghafla ndilo linalomwagilia. Mapato ya siku yatoke mkononi kabla ya saa ya hatari: nunua unga, peleka akiba ya chama, na zinazobaki zikae kwa mke, mume au ndugu unayemwamini.

Kwa picha chafu: simu isilale chumbani. Ichajiwe sebuleni au jikoni kuanzia saa tatu usiku, na upate saa ya kengele ya kawaida ya kukuamsha. Usinunue bando la usiku.

Kwa pombe: badili njia ya kurudi nyumbani, hata kama ni kuzunguka kwa dakika 15. Hapa tahadhari kubwa yahitajika. Mtu aliyekunywa chang'aa au bia nyingi kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake nyumbani kwa maombi tu. Mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka, kuona mambo yasiyokuwapo na kupatwa na degedege, na watu hufa kwa hilo. Aende hospitali kwanza, aeleze kweli anakunywa kiasi gani, na kanisa limsindikize. Kumsindikiza huko nako ni kuchukuliana mizigo (Wagalatia 6:2).

Kwa fitina na masengenyo: toka kwenye lile kundi la WhatsApp. Kama ni la kazi au la kanisa na huwezi kutoka, zima sauti yake na ulisome mara moja kwa siku.

Wapo watakaosema kwamba hii ni sheria, si Roho. Hoja hiyo ina uzito. Wakolosai 2:20–23 inaonya kwamba “msishike, msionje, msiguse” haiwezi kuzizuia tamaa za mwili. Ua linalozunguka shamba halioteshi mahindi, ni kweli, lakini mkulima hapandi mahali ng'ombe wanapopita. Hatari huja pale unapoanza kujisifia ua, au kumhukumu jirani asiye na ua kama lako.

Wiki ya 3 na ya 4: dakika ya kwanza

Sasa uko kwenye shina la jambo lenyewe. Tamaa ina dakika yake ya kwanza, kabla ya sentensi ya uongo kukamilika. Katika dakika hiyo Roho hunena, mara nyingi kwa upole na kwa neno fupi: acha, ondoka, nyamaza, sema kweli. Kuenenda kwa Roho ni kutii neno hilo hapohapo. Ukingoja dakika ya kumi utahitaji nguvu mara kumi.

Fanya mambo matatu kwa mfuatano. Taja tamaa kwa jina lake halisi, kwa sauti ikiwezekana: “Huu ni wivu.” Usiseme “nimekwazika kidogo.” Kisha mwite Baba. Wagalatia 4:6 inasema Roho ndiye aliaye mioyoni mwetu “Aba, yaani, Baba”, kwa hiyo ombi fupi kama “Baba, mimi ni wako, nisaidie sasa” si ombi dogo. Halafu songa: inuka, toka nje, teka maji, piga simu. Yusufu hakujadiliana na mke wa Potifa chumbani. Aliacha vazi akakimbia (Mwanzo 39:12). Anayebaki ameketi mahali pale akiomba kwa bidii mara nyingi hushindwa, kwa sababu miguu yake haijakubaliana na midomo yake.

Ili neno la Roho lisikike dakika hiyo, ni lazima liwe limezoeleka asubuhi. Tenga dakika 20 kabla ya kushika simu: 5 za ukimya, 10 za kusoma, 5 za kuomba juu ya saa yako ya hatari ya siku hiyo. Wagalatia una sura 6. Soma sura moja kila siku kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili urudie sura ya 5. Ukifanya hivyo wiki nne, maneno yataanza kukujia yenyewe ukiwa kwenye matatu.

Utajuaje kwamba ni Roho anayesema, wala si hofu yako au mshitaki, yaani Shetani? Roho hutaja jambo mahususi na hukuonyesha mlango wa kutokea. Atakwambia: ile gorogoro unayopimia mahindi imebonyezwa kitako, na mteja anapoteza mkono mzima wa nafaka, inyooshe. (Mithali 11:1 yasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na gorogoro ni mizani ya soko letu.) Mshitaki husema kwa ujumla: wewe ni bure, hujaokoka kamwe, Mungu amechoka nawe. Sauti ya kwanza inakupeleka kwa Kristo, ya pili inakupeleka kujificha. Na sauti yoyote inayokwenda kinyume cha Maandiko, hata ikija kwa ndoto mara tatu, iache.

Wiki ya 5 hadi ya 8: panda badala yake

Hapa ndipo wengi huishia njiani. Wakulima wa kandokando ya ziwa, kwa utafiti uliofanyika Mbita, walifundishwa kupanda mmea uitwao desmodiamu kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake huziamsha mbegu za kayongo na kuzizuia zisishike mizizi ya mahindi. Shamba lililopaliliwa tu na kuachwa wazi hushikwa tena. Bwana Yesu alisema vivyo hivyo kuhusu nyumba iliyofagiwa, kupambwa na kuachwa tupu (Mathayo 12:43–45).

Kwa hiyo kila tamaa ipewe mpinzani wake, tendo unaloweza kulifanya kwa mikono. Waefeso 4:28 haimwambii mwizi aache kuiba tu. Inamwambia afanye kazi kwa mikono yake ili awe na kitu cha kumgawia mhitaji. Mwizi hajapona mpaka awe mtoaji.

Mwenye wivu wa biashara amwombee jirani wa kibandani kwa jina kila asubuhi, amwombee wateja, na mteja akikosa kitu kwako umpeleke kwake kwa mkono wako. Siku tatu za mwanzo utaona uchungu kooni. Ni kawaida, endelea. Mwenye kupenda fedha atenge kiasi kinachoumiza kidogo, si salio la mfukoni, ampe mtu asiyeweza kumrudishia, tena bila kupiga picha. Mwenye hasira asilale nayo: “jua lisichwe” ya Waefeso 4:26 ichukue kama saa kamili, kwetu yapata saa kumi na mbili na nusu jioni. Jambo likiwa kubwa mno kumalizwa siku hiyo, angalau sema: “Mama watoto, bado nina uchungu, lakini sina vita nawe. Tuongee kesho baada ya chai.”

Msengenyaji ana kazi ngumu kuliko wote, na inafaa aambiwe la kusema, maana wengi hushindwa kwa kukosa maneno. Mwendee uliyemsema, mkiwa wawili tu. Msalimie, keti, kisha: “Dada, jana nilikusema vibaya mbele ya watu. Nilichosema hakikuwa haki yangu kukisema. Nisamehe. Nitawaendea waliosikia nikanushe.” Hapo komesha. Usiongeze “lakini na wewe”. Neno “lakini” hula toba yote. Asipokuwa na habari kwamba ulimsema, na kumwambia kutamjeruhi tu, anzia kwa wale waliosikia, na umwombe mchungaji au mtu mzima wa imani ushauri kabla ya kumwendea.

Palipo na mali, toba hupimwa kwa shilingi. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Mhazini aliyetumia 6,000 za chama amwendee mwenyekiti kabla hajagunduliwa, aseme kiasi kamili, na waandike makubaliano: 1,500 kila wiki kwa wiki nne, mashahidi wawili watie sahihi. Kusema nusu ya deni ili “kuona watakavyopokea” ni uongo mpya juu ya ule wa zamani.

Mtu mmoja wa kutembea naye

Usingoje wiki ya nane kumtafuta, anza naye mapema. Awe wa jinsia yako, aliyekomaa, asiye na haja na cheo chako, tena anayejulikana kwa kufunga mdomo. Mkutane mara moja kwa wiki, nusu saa. Akuulize maswali manne yaleyale kila mara: Wiki hii uliitikia vipi dakika ya kwanza? Ulianguka wapi? Kuna mtu hujapatana naye? Umenidanganya katika jibu lolote hadi sasa? Kisha muombeane, kama Yakobo 5:16 inavyoagiza.

Kutembea nuruni kumeharibika mahali pengi kwa makosa mawili. La kwanza ni kuungama hadharani mambo yanayowataja wengine. Ungama dhambi yako, usivue nguo za mwenzako. La pili ni mchungaji kugeuza ungamo la mtu kuwa mfano wa mahubiri. Likitokea hilo mara moja, kusanyiko zima hufunga midomo kwa miaka.

Yanayokwamisha kazi

Kesha kugeuzwa kuwa badala ya utii. Mtu akikesha Ijumaa akiombea ndoa, na Jumamosi asubuhi amtukane mkewe kwa sababu ya usingizi, angefanya vyema kulala.

Kukemea badala ya kusulubisha. Pepo wapo na Bwana aliwatoa. Lakini ulevi, ulafi na hasira Paulo anaviita matendo ya mwili na tamaa zake, na Wagalatia 5:24 inasema walio wa Kristo wameusulubisha mwili. Anayeombewa kila mwezi atolewe “pepo la hasira” bila kumwendea aliyemkosea atarudi kwenye foleni mwezi ujao.

Kuchanganya kupanda kwa Roho na kupanda sadaka ili upate gari. Kweli Wagalatia 6:6 yataka mwanafunzi amshirikishe mwalimu wake mema, nasi tutii agizo hilo. Lakini mavuno ya mstari wa 8 ni uzima wa milele, wala hayajatajwa bei.

Na kuanguka kwenyewe. Ukianguka, ungama kwa Mungu ndani ya saa ileile ukishika 1 Yohana 1:9, andika kwenye daftari, na mwambie mwenzako kabla saa 24 hazijapita. Kisha tafuta tundu kwenye ua na uzibe siku hiyohiyo. Usijitoze adhabu ya kukaa wiki bila kuomba ukijiona mchafu. Wiki hiyo ndiyo kayongo inayoitaka, kwa kuwa hakuna mtu shambani.

Wiki ya 12: waulize wa nyumbani

Usijipime mwenyewe, na usimwulize anayekuhitaji kwa fedha. Waulize mwenzi wako, mtoto mmoja mwenye umri wa kusema, na mfanyakazi wa nyumbani au wa kibandani, kila mmoja kwa wakati wake: “Katika miezi hii mitatu, ni wapi nimebadilika, na ni wapi bado mnaniogopa?” Mtoto mpe muda, asijibu mbele ya wenzake. Mfanyakazi mhakikishie kwanza kwamba mshahara wake haumo kwenye jibu. Wakijibu, usijitetee, hata ukiona wamekosea tarehe. Sema asante, andika maneno yao kama walivyoyasema, na jambo lililotajwa na wawili kati ya watatu ndilo litakaloandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya Jumatatu.